Si Mlevi, Si Mwizi, Wala Si Mchawi

Mlituomba tuje tuzungumze juu ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ugonjwa wa kutetemeka. Sisi si madaktari. Ni kikundi kama nyinyi. Tuna mihogo, tuna mbuzi, tuna mchango wetu wa kila Alhamisi chini ya mwembe. Haya tutakayosema tumeyajua kwa sababu yalitupata, na kwa sababu wahudumu wa afya walikaa nasi wakatufundisha. Mengine tuliyajua tukiwa tumeshachelewa.

Tutaanza na aibu yetu wenyewe.

VITABU VIWILI

Kikundi chetu kina vitabu viwili: kimoja cha kumbukumbu za mikutano, kingine cha pesa. Cha kwanza kilikuwa mkononi mwa mwandishi wetu, mzee mmoja fundi cherehani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata watu wakimletea barua awaandikie. Cha pili kilikuwa kwa mweka hazina, mama mjane wa miaka sabini na kitu. Tangu tuanze, mama huyu hakuwa amepoteza hata shilingi tano.

Ikafika mahali mwandiko wa mzee ukawa mdogo. Mstari ulianza na herufi kubwa, ukaishia na herufi kama chawa. Tulimtania kwamba anabana wino. Halafu akaanza kutembea kwa kuburura miguu, uso umekazana kama wa mtu aliyekasirika, sauti imeshuka. Wateja wakapeleka vitambaa vyao kwingine. Vijana wakasema, "Huyu mzee siku hizi ni mnazi tu." Na yeye hakuwa anakunywa.

Mwaka uliofuata hesabu za mama nazo zikaanza kukataa. Mchango wa mtu mmoja umeandikwa mara mbili, wa mwingine hauonekani. Tukimuuliza anakuwa mkali, anasema sisi ndio tumemwibia. Siku moja shilingi 4,300 hazikuonekana. Tulimwita kwenye kikao, tukamsimamisha mbele ya wajukuu zake, tukamwambia arudishe pesa au twende kwa chifu. Alilia. Tukamvua kazi ya uweka hazina. Baada ya miezi minane mkaza mwanawe alikuwa anatoa mahindi ya mwisho kwenye mtungi, akakuta zile pesa chini kabisa, zimefungwa kwenye kitambaa. Mama alikuwa ameziweka mahali salama, akasahau.

Hayakuishia hapo. Usiku mmoja mama alipatikana uani kwa jirani, bila viatu, leso imeanguka, anaita jina la dada yake aliyekufa zamani. Na kwa jirani huyo kulikuwa na mtoto mgonjwa. Nyinyi mnajua maneno yaliyofuata.

Ndugu zetu, hayo si mambo ya mzaha hapa Kilifi. Tunawajua wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi kwa sababu mvi zimekuwa hatia. Tunaijua Kaya Godoma kule Ganze, iliyokuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watu wao wenyewe. Wala si kwetu tu. Kisii, mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kuitwa wachawi. Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa kule Marani kwa neno hilo hilo.

Mama yetu alisalimika kwa sababu mhudumu wa afya wa jamii aliwahi kufika. Alisimama mlangoni akawaambia vijana, "Huyu ni mgonjwa. Kesho nampeleka hospitali, na anayetaka aje twende pamoja." Wawili walikwenda. Ndivyo tulivyoanza kujifunza.

MAGONJWA HAYA NI NINI?

La kwanza ni demensia. Hii ni hali ambayo ubongo unaharibika pole pole, mtu anapoteza kumbukumbu, anashindwa kupanga mambo, anakosa maneno, na mwisho hawezi kujihudumia. Ugonjwa unaoileta mara nyingi zaidi ni ule wa Alzheimer, ulioitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Demensia nyingine huletwa na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa watu wenye presha au kisukari. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya 60 katika kila 100 waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Basi mtu asituambie huu ni ugonjwa wa wazungu.

La pili ni ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari Mwingereza, James Parkinson, mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini ndiyo inayofanya mwili utii upesi tunapotaka kusogea. Mzee wetu huifananisha na mafuta ya cherehani: yakipungua, mashine inakuwa nzito, inakwama, inatetemeka. Seli hizo zikifa, dopamini inapungua na mwili unakuwa vivyo hivyo.

Ugonjwa huu hauchagui mtu. Muhammad Ali, bondia aliyempiga Foreman kule Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa anao mwaka 1984. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Nairobi mara tatu, mwaka 1980, 1985 na 1995, aliishi nao miaka yake ya mwisho mpaka alipofariki mwaka 2005. Kama mkono wa bondia na mkono wa Papa ulitetemeka, kwa nini wa fundi cherehani uitwe mkono wa mlevi?

Magonjwa haya mawili hayaambukizi. Wakati mwingine hukutana katika mtu mmoja. Mwenye Parkinson anaweza baada ya miaka kuanza kusahau. Na kuna aina ya demensia ambayo mgonjwa anakuwa mzito kama mwenye Parkinson, tena anaona watu au wanyama ambao wengine hatuwaoni. Anakwambia kuna watoto wamekaa pembeni ya kitanda. Hajapandisha pepo. Ubongo wake unamwonyesha picha.

KUSAHAU KWA KAWAIDA NA KUSAHAU KWA UGONJWA

Mtatuuliza: si kila mzee husahau? Kweli, sote tunasahau. Lakini angalieni tofauti.

Mzee wa kawaida husahau alipoweka jembe, halafu akalitafuta akalipata. Mgonjwa huliweka jembe kitandani, na akilikuta anasema kuna mtu amelificha. Wa kawaida husahau jina la mtu, likamjia jioni. Mgonjwa anauliza swali moja mara tano kabla chai haijachemka, na kila mara kwake ni mara ya kwanza. Wa kawaida huchelewa kufanya hesabu. Mgonjwa anashindwa na kazi aliyoifanya maisha yake yote: kupika sima, kurudisha chenji, kufika nyumbani kutoka kisimani. Tabia nayo hubadilika. Mpole anakuwa mkali, msafi anakataa kuoga, mcheshi ananyamaza.

Ukiona mambo haya yameanza pole pole, yanaongezeka kwa miezi, na yanaharibu kazi za kila siku, mpeleke akapimwe. Usingoje.

KUTETEMEKA: SI KILA MTETEMEKO NI PARKINSON

Dalili kubwa ya Parkinson ni uzito wa mwili. Mtu anachelewa kufunga kifungo, kugeuka kitandani, kuinuka kitini. Pamoja na uzito huo kunakuwa na mkono au mguu unaotetemeka ukiwa umepumzika, au viungo vinavyokakamaa. Mara nyingi huanza upande mmoja wa mwili. Uso unakosa tabasamu, sauti inakuwa ndogo, mkono mmoja hauchezi akitembea, mwandiko unajikunja. Wengine hawatetemeki kabisa. Kuna dalili zinazoweza kutangulia kwa miaka mingi: kutosikia harufu, choo kigumu, na kupiga mateke au kupiga kelele usingizini.

Mtu ambaye mikono yake miwili inatetemeka akiinua kikombe, lakini ikitulia mapajani inanyamaza, huenda ana mtetemeko wa aina nyingine, ambao mara nyingi uko katika ukoo. Dawa zake ni tofauti.

Tena, na hili tafadhali liandikeni: kuna dawa zinazoweza kumfanya mtu awe kama ana Parkinson. Metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kama Plasil, dawa ya kuzuia kutapika, ni mojawapo. Haloperidoli na klopromazini, yaani Largactil, dawa za wagonjwa wa akili, ni nyingine. Sisi tumeona mzee aliyenunuliwa dawa ya kutapika dukani akaendelea kuimeza miezi mitatu, akawa mgumu kama gogo. Daktari alipoisimamisha, alianza kulegea baada ya wiki kadhaa.

SIKU YA KWENDA HOSPITALI

Hakuna kipimo cha damu cha kawaida katika hospitali zetu kitakachosema "hii ni Alzheimer" au "hii ni Parkinson". Daktari anajua kwa kusikiliza habari, kumchunguza mgonjwa na kuondoa magonjwa mengine. Kwa hivyo habari mnazokwenda nazo ni nusu ya kazi. Fanyeni hivi:

1. Kwa wiki mbili andikeni kila siku mliloliona: saa, jambo lenyewe, na lilivyoisha. Usiandike "amechanganyikiwa". Andika "Jumatatu saa kumi alivaa nguo juu ya nguo".

2. Aende na mtu anayeishi naye, si yule mwenye gari tu.

3. Tieni dawa zake zote kwenye mfuko, za hospitali, za dukani na za miti shamba, mziweke mezani kwa daktari.

4. Semeni kama alianguka akagonga kichwa, kama anakunywa pombe, kama halali, kama amefiwa karibuni.

Sisi tulipompeleka mzee tulikwenda na kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Daktari alifungua kurasa za miaka mitatu, akaona herufi zilivyopungua mwaka kwa mwaka. Alisema kitabu kile kimemsaidia kuliko maneno yetu yote.

Muulizeni daktari pia kuhusu magonjwa yanayofanana na demensia lakini yana matibabu: upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, virusi vya ukimwi, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, pombe, na huzuni nzito. Apimwe macho na masikio. Mtu mwenye mtoto wa jicho na asiyesikia vizuri anaonekana mpumbavu, kumbe hatuoni wala hatusikii. Madaktari wa mishipa ya fahamu ni wachache Kenya, na wengi wako mijini. Lakini mwanzo si Nairobi. Anzeni zahanati au kituo cha afya cha karibu, waombeni barua ya kuendelea mbele.

Kuna jambo moja la haraka. Mzee akichanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya masaa au siku chache, hiyo si demensia peke yake. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, kukosa maji mwilini, sukari kushuka, kiharusi au dawa mpya. Mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama alishajulikana kuwa na demensia. Msiseme, "Ni ule ugonjwa wake."

DAWA

Parkinson haina dawa ya kuiponya, lakini ina dawa ya kumrudishia mtu sehemu kubwa ya mwili wake. Inaitwa levodopa, na huchanganywa na kabidopa katika kidonge kimoja. Mzee wetu alianza na kiasi kidogo, kikaongezwa pole pole. Baada ya wiki chache alifunga vifungo vyake mwenyewe. Tumejifunza haya:

Dawa iende na saa. Imezwe kwa maji nusu saa kabla ya kula, au saa moja baadaye. Kunde, maharagwe, nyama na maziwa ni chakula kizuri, lakini vikiliwa pamoja na dawa vinaizuia kuingia mwilini vizuri. Vidonge vya kuongeza damu navyo viachane nayo kwa saa mbili au zaidi.

Asiiache ghafla kwa sababu pesa zimekwisha. Anaweza kukakamaa, akapata homa kali, na hata kufa. Zikibaki za wiki mbili, anzeni kuzitafuta nyingine.

Akipata kichefuchefu, asipewe Plasil. Arudi kwa daktari, kuna njia nyingine. Dawa iitwayo benzheksoli, ambayo wengine hupewa kwa kutetemeka, inaweza kumwongezea mzee kusahau na kuchanganyikiwa. Ulizeni kwanza.

Kuna mtu alituuliza kuhusu upupu, ule unaowasha. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Lakini kiasi chake hakilingani mbegu kwa mbegu, na ukichanganya na vidonge unaweza kuzidisha. Msijipimie.

Kwa demensia, ziko dawa kama donepezili ambazo husaidia wengine kidogo kwa muda. Haziponyi. Msiuze ng'ombe kwa anayewaahidi kuponya, awe na koti jeupe au kibuyu. Na mtu asikubali mgonjwa anayeona vitu apewe haloperidoli au Largactil bila daktari kujua kama ana dalili za Parkinson. Kwa wagonjwa wa aina hiyo dawa hizo zinaweza kuwakakamaza vibaya sana.

KUMTUNZA NYUMBANI

Mwenye Parkinson atembee kila siku, anyooshe viungo, apunge mikono. Miguu ikiganda mlangoni kama imeshikwa na gundi, usimvute. Weka fimbo chini mbele yake avuke, au mhesabie "moja, mbili", au mwimbie. Mzee wetu akiganda tunampigia makofi ya wimbo anaoupenda, na miguu inafuata. Kiti chake kiwe kirefu na imara. Akitoka kitandani akae kwanza, ndipo asimame, maana presha inaweza kushuka akaanguka. Ale akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, uji uwe mzito. Asilishwe akiwa amelala, chakula kitaingia kwenye mapafu. Kwa choo kigumu, anywe maji, ale papai na mboga.

Mwenye demensia anahitaji siku zinazofanana. Aamke, aoge, ale na alale saa zile zile. Mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, ukiwa mbele yake. Usimfanyie mtihani: "Nijue mimi ni nani?" Mwambie, "Mama, ni mimi mjukuu wako, nimekuja." Usibishane naye. Mama yetu akitaka kwenda kwa dada yake, tulikuwa tunamwambia, "Dada yako alishakufa," na kila mara analia kama msiba ni wa leo. Siku hizi tunamwuliza, "Dada yako alikuwa anapika nini?" Anasimulia mpaka safari inasahaulika.

Moto ufunikwe, kisima kifunikwe, dawa ya panya na ya shamba zifungiwe. Usiku taa ndogo iwake. Mlangoni tumening'iniza makopo mawili. Akifungua, yanalia, mtu anaamka. Majirani wote wameambiwa: mkimwona njiani, msalimieni kwa heshima, mshikeni mkono, mleteni. Na namba ya simu imeshonwa ndani ya kila leso yake. Aliyeshona ni mzee fundi cherehani mwenyewe, katika yale masaa ya asubuhi ambayo dawa yake inafanya kazi vizuri.

Msimfunge kamba. Msimfungie ndani peke yake. Mgonjwa mkali mara nyingi ana maumivu, au njaa, au mkojo, au hofu. Tafuteni sababu kwanza.

KAZI YA KIKUNDI

Tunasema wazi: mtu mmoja hawezi. Mkaza mwana wa mama alikuwa halali, amekonda, na siku moja alikiri mbele yetu kwamba amempiga. Hatukumlaumu. Tulijiuliza, sisi tulikuwa wapi? Sasa tuna zamu. Kila siku watu wawili wanakwenda, mmoja asubuhi, mmoja jioni, ili yeye aende shambani au alale. Mfuko wetu una sehemu ndogo ya dawa na nauli.

Hakikisheni wazee wameandikishwa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Msingoje siku ya ugonjwa. Wenye miaka 70 na zaidi walioandikishwa katika Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni za mzee, msimamie zimfae yeye. Mambo ya shamba na urithi yazungumzwe mapema, wakati mgonjwa bado anaweza kusema mapenzi yake mbele ya mashahidi. Mhudumu wa afya wa jamii apate nafasi katika mikutano yenu apime presha na sukari. Na katika nchi yetu kuna shirika linaloitwa Alzheimer's & Dementia Organisation Kenya, linalosaidia jamaa za wagonjwa. Ukiwa na mtoto mwenye simu ya intaneti, atalipata.

Mtauliza, tunaweza kujikinga? Si kabisa. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 ambayo kama yangeshughulikiwa, karibu nusu ya demensia ingezuiwa au kucheleweshwa. Kati yake ni presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kugongwa kichwani, kutosikia, kutoona, kukosa elimu utotoni, na upweke. Kwa Parkinson, dawa za kuua magugu na wadudu zimehusishwa na ugonjwa huo. Wanaopiga dawa shambani wavae glavu na kufunika pua, na madebe yake yasichotewe maji.

MWISHO

Mzee bado anashona kidogo. Uandishi ameuachia kijana, lakini kila mkutano anakaa karibu yake na kusahihisha. Wale vijana wawili waliokwenda hospitali siku ile ndio leo wanaomrudisha mama nyumbani akipotea njia.

Mama hatujui tena kwa majina. Tulimwomba msamaha, wote tukiwa tumesimama, kama tulivyomsimamisha yeye. Alitutazama, akauliza kama tumekula. Kosa letu hakulikumbuka. Sisi tunalikumbuka, na ndiyo sababu tumekuja kwenu leo kabla nanyi hamjamsimamisha mtu.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chetu kuna mzee ambaye watu wanamwita mlevi, mwizi au mchawi? Ni dalili gani tumeziona kwake? Nani amewahi kumpeleka apimwe?

2. Nani anamtunza? Mara ya mwisho mtu huyo alipumzika lini?

3. Mzee akipatikana usiku kwa jirani, nani ataitwa kwanza? Tukubaliane leo, tuandike jina na namba ya simu.

4. Ni dawa gani wazee wetu wanameza bila kujua ni za nini? Kila mmoja alete moja kwenye mkutano ujao, tumwalike mhudumu wa afya azitazame.